Picha ya Zamani Mtandaoni: Jinsi ya Kujua Kama Bado Ina Mwenyewe

Kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za historia zimejaa picha za Dar es Salaam ya Mjerumani, Unguja ya masultani na Mombasa ya enzi za treni ya mvuke. Nyingi hufika hazina jina la mpiga picha wala mwaka, ila zina nembo ya ukurasa wa mtu ambaye naye alizikuta hukohuko. Swali huja siku unapotaka moja iwe jalada la kitabu, iingie kwenye filamu, ichapwe kwenye kalenda ya kuuza au itundikwe ukutani mwa hoteli: picha hii ni ya nani, na ruhusa naiomba wapi?

Jibu linalosikika sana ni "hiyo ya zamani, haina mwenyewe." Umri peke yake hautoshi. Ipo picha iliyopigwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ambayo Ujerumani bado inalindwa, na ipo ya 1955 ambayo Uingereza imeshakuwa huru. Kinachoamua ni mambo manne: nani alipiga na alifariki lini, picha ilipigwa lini, ilichapishwa mara ya kwanza lini na wapi, na wewe unataka kuitumia nchi gani. Nikisema picha ni huru, nina maana muda wa hakimiliki umekwisha, na yeyote anaweza kuitumia hata kibiashara bila kuomba wala kulipa.

Jambo moja liondoke mapema. Hakimiliki haihitaji kusajiliwa. Inazaliwa picha inapopigwa. Ukienda ofisi ya hakimiliki, iwe COSOTA Tanzania Bara, COSOZA Zanzibar au KECOBO Kenya ukakuta picha haimo kwenye daftari lao, hujathibitisha kitu. Vilevile kumiliki karatasi ya picha si kumiliki hakimiliki yake. Mtu anaweza kurithi albamu nzima ya babu yake, picha zikawa zake za kushika na kutunza, lakini haki ya kuzichapa ikawa ya mwingine kabisa.

Hatua ya 1: Fuata picha hadi kwenye chanzo

Anza na nakala uliyonayo, hata kama ni skrinshoti. Ipeleke Google Lens, kisha TinEye, zana za mtandaoni zinazotafuta kwa kutumia picha yenyewe. TinEye ina faida mbili: unaweza kupanga matokeo kwa nakala iliyoonekana mtandaoni mapema zaidi, na kwa nakala kubwa zaidi. Ya mapema inakuonyesha mnyororo wa waliosambaza. Kubwa, mara nyingi, ndiyo inayotoka kwenye hifadhi ya nyaraka au maktaba, kwa sababu kila anayesambaza huipunguza na kuikata. Kama hupati kitu, kata nembo za kurasa zilizopigwa juu yake ujaribu tena, halafu igeuze kushoto kulia, kwani wengine huigeuza ili isitambulike.

Ikishindikana, tafuta kwa maneno, tena kwa tahajia za wakati ule. Mjerumani aliandika Daressalam, Bagamojo, Sansibar, Kilimandscharo na Deutsch-Ostafrika. Vitabu vya Kiingereza vya zamani vina Mombassa yenye s mbili. Anayetafuta "Bagamoyo" peke yake anaacha nje sehemu kubwa ya hazina.

Hifadhi zenye picha nyingi za kwetu zinajulikana. Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, ina picha za koloni, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina mkusanyo wa ile jumuiya ya kikoloni ya Wajerumani. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina Mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kuanzia 1860 hadi 1960. Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, zina fungu la CO 1069, picha za Wizara ya Makoloni, ambazo za Afrika ziliwekwa mtandaoni 2011. Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyo wa Matson, wenye picha za safari ya 1936 iliyopita Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Picha za wamisionari wa Basel na Leipzig, wakiwemo waliokaa Kilimanjaro, utazipata kwenye hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Huku nyumbani kuna Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, Idara ya Habari MAELEZO, na Nyaraka za Taifa za Kenya, Nairobi. Si kila kitu chao kimo mtandaoni, kwa hiyo piga simu au nenda.

Hatua ya 2: Ihoji picha yenyewe

Maelezo yanayozunguka na picha huwa yameandikwa na mtu wa tatu au wa nne, na mwaka mara nyingi ni wa kukisia. Majengo ni mashahidi wazuri zaidi. Chukua Beit al-Ajaib, jumba la masultani Unguja lililojengwa 1883. Mwanzoni mnara ulisimama peke yake mbele ya jengo. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu, na baadaye mnara wa saa ukajengwa kwenye uso wa jengo lenyewe. Basi picha inayoonyesha mnara umeshikana na jengo haiwezi kuwa ya enzi za Sayyid Barghash, aliyefariki 1888, hata kama imeandikwa hivyo kwa herufi za dhahabu. Dar es Salaam, sanamu ya Askari iliwekwa 1927. Mombasa, pembe za ndovu za barabara inayoitwa leo Moi Avenue zilianza kuonekana 1952. Kikionekana kimojawapo, una mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia.

Kama ni postikadi, tafuta mgongo wake, kwa sababu mgongo una habari kuliko uso. Uingereza iliruhusu mgongo uliogawanywa sehemu mbili, ujumbe huku na anwani kule, mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Mgongo usiogawanywa kwa kawaida ni wa kabla ya hapo. Muhuri wa posta unakupa tarehe ambayo picha tayari ilikuwepo. Lililo kubwa zaidi ni kwamba postikadi iliyouzwa dukani ni kazi iliyochapishwa, na utaona chini jinsi kuchapishwa kunavyobadilisha hesabu.

Ukipata faili halisi badala ya skrinshoti, fungua taarifa zilizofichwa ndani yake. Hifadhi nyingi huandika humo jina la mpiga picha na namba ya kumbukumbu. WhatsApp hufuta taarifa hizo inapotuma picha kwa njia ya kawaida, ndiyo maana nakala ya kwenye kundi haisemi lolote. Ukimwomba mtu picha, mwambie aitume kama hati.

Hatua ya 3: Tafuta jina la mpiga picha

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huacha. Bila jina huwezi kujua mwaka wa kifo, na bila mwaka wa kifo hesabu ya nchi nyingi haianzi.

Tazama pembe za chini za picha na kadi iliyobandikiwa. Studio za zamani zilipiga muhuri au kuchapa jina. Kwa Unguja utakutana mara kwa mara na Wagoa: A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho, ndugu wa Pereira de Lord. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930 na picha zake ni kumbukumbu ya Mji Mkongwe kwa miongo mingi. Alifariki 1993, kwa hiyo usizihesabu kazi zake kuwa huru kwa sababu tu ni nyeusi na nyeupe, omba ruhusa. Kwa reli ya Uganda kuna William D. Young. Kwa bara la wakati wa Mjerumani, Walther Dobbertin. Kwa Kenya na matukio ya miaka ya 1960, Mohamed Amin, aliyefariki 1996 na kuacha kampuni ya Camerapix, ambako maombi yanapelekwa.

Inauma kuona ukurasa wenye wafuasi lukuki ukikata pembe ile yenye muhuri wa studio ili uweke nembo yake. Anayefanya hivyo anamfuta aliyesimama na kamera ya sanduku juani, na anaharibu ushahidi ambao mwingine angeutumia kujua kama picha ni huru. Ukikuta muhuri, uache, na uandike jina lake hata kama sheria haikulazimishi tena.

Jihadhari na mambo mawili. Jina la studio si lazima liwe jina la aliyepiga. Studio ilikuwa na wafanyakazi, na iliweza kununua negativu za wengine. Pili, "simjui aliyepiga" si sawa na "kazi haina jina." Sheria nyingi zina muda maalumu kwa kazi isiyojulikana mtunzi, lakini zinamaanisha kazi iliyotoka bila jina na ambayo jina halijapatikana hata baada ya kutafutwa. Skrinshoti iliyokatwa jina haihesabiki.

Kwa picha za studio, zile za harusi, za familia iliyokaa mbele ya pazia lililochorwa, kuna kipengele cha kukumbuka. Chini ya sheria ya Uingereza ya 1911, iliyoenea hadi kwenye makoloni, picha iliyoagizwa na kulipiwa ilikuwa kwanza mali ya aliyeiagiza, kama hakukuwa na mapatano mengine. Basi bibi aliyelipa studio ya Mombasa mwaka 1935 huenda ndiye aliyekuwa mwenye haki, na mpiga picha hakuwa nayo. Katika picha hizo nenda kwa familia.

Hatua ya 4: Piga hesabu kwa nchi unayotumia

Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya ilijiunga nao 1993 na Tanzania 1994, unasema ulinzi hufuata sheria ya nchi unakodaiwa. Kitabu kitakachouzwa Dar es Salaam pekee hupimwa kwa sheria ya Tanzania. Kikiuzwa pia Berlin, kinapimwa mara mbili.

Tanzania Bara, sheria ya 1999: maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Kazi isiyo na jina ni miaka 50, ikihesabiwa tangu ilipotengenezwa, kutolewa kwa umma au kuchapishwa, ile tarehe ya mwisho kati ya hizo. Zanzibar ina sheria yake ya 2003, hivyo kwa matumizi ya Visiwani waulize COSOZA badala ya kubeba jibu la Bara.

Kenya, sheria ya 2001, haitazami kifo cha mpiga picha. Ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ambao picha ilipigwa, ilitolewa kwa umma au ilichapishwa, tena ile tarehe ya mwisho. Hapo pana mtego. Picha ya 1950 iliyochapishwa gazetini mwaka huohuo ililindwa hadi mwisho wa 2000. Lakini picha ya 1950 iliyokaa sandukuni, ikachapishwa na mwenyewe kwa mara ya kwanza 2015, inalindwa hadi mwisho wa 2065. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka ushahidi wa kuchapishwa na si mwaka wa kupigwa peke yake.

Uingereza na Ujerumani: maisha na miaka 70. Uingereza ina upenyo mmoja mkubwa kwetu. Picha zilizopigwa na maofisa wa serikali yake kabla ya tarehe 1 Juni 1957 zililindwa miaka 50 tangu kupigwa, kwa hiyo zote zimeshakwisha muda. Picha ya ofisa wa habari wa kikoloni akiwa kazini Tanganyika 1955 ni huru huko. Picha aliyoipiga mke wake kwa kamera yake mwenyewe siku ileile inaweza kuwa bado.

Marekani inahusika hata kama hujawahi kufika, kwa sababu mitandao mikubwa iko chini ya sheria zake na huondoa picha kwa kufuata malalamiko ya huko. Kilichochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita ni huru, na kila tarehe 1 Januari unaongezeka mwaka mmoja: 2026 ilifungua kazi za 1930. Kisichowahi kuchapishwa kinahesabiwa maisha na miaka 70, au miaka 120 tangu kutengenezwa kama mtunzi hajulikani. Picha za nje ambazo kwao zilikuwa bado na ulinzi tarehe 1 Januari 1996 zilirudishiwa ulinzi Marekani. Kwa serikali kuu ya Marekani, picha za watumishi wake walizopiga kazini hazina hakimiliki kabisa huko. Usihamishie kanuni hiyo kwetu. Picha za MAELEZO au za idara ya habari ya Kenya hazikuwa huru kwa sababu tu zililipiwa na serikali.

Mfano mmoja hadi mwisho

Umetumiwa picha ya askari wa Kijerumani wamepanga mstari, imeandikwa "Tanganyika 1910." Jina Tanganyika kwa nchi nzima lilikuja na Waingereza baada ya vita, kwa hiyo maelezo si ya wakati ule. Unaitafuta kwa TinEye na kuipata Wikimedia Commons, hazina ya wazi ya picha mtandaoni, ikiwa na namba inayoanza na Bild 105-DOA. Hiyo ni namba ya Bundesarchiv, na fungu hilo ni la Walther Dobbertin. Alifariki 1961.

Tanzania Bara: 1961 na 50 ni 2011. Muda ulikwisha mwisho wa mwaka huo. Ujerumani: 1961 na 70 ni 2031. Bado. Lakini mwishoni mwa 2008 Bundesarchiv ilitoa karibu picha 100,000 kupitia Wikimedia Commons kwa leseni ya Creative Commons, aina ya CC BY-SA 3.0 ya Ujerumani, na za Dobbertin zimo. Leseni hiyo inakuruhusu kuitumia hata kwa biashara ukitimiza masharti: utaje mpiga picha, hifadhi na leseni, na ukiibadilisha, kwa mfano kuitia rangi, toleo lako ulitoe kwa leseni ileile. Basi kwa kitabu cha Dar es Salaam hulazimiki hata kutegemea leseni. Kwa maonyesho ya Hamburg unaitegemea. Mimi ningeandika hivi kote kuwili: "Picha: Walther Dobbertin / Bundesarchiv / CC BY-SA 3.0 DE," pamoja na namba kamili.

Hatua ya 5: Soma lebo, na ujue zinachosema

"Hakuna vizuizi vya hakimiliki vinavyojulikana," lebo inayotumika tangu 2008 kwenye Flickr Commons, sehemu ya mtandao wa Flickr yenye picha za hifadhi mbalimbali, na pia kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, haisemi kwamba picha ni huru. Inasema hifadhi ilitafuta na haikuona mwenye haki. Ni dalili nzuri, si hati. Alama ya CC0, ambayo kwayo mwenye haki huziachilia haki zake, au ile ya kazi huru ni tamko lenye nguvu zaidi, ikiwa limewekwa na hifadhi yenyewe na si na mtumiaji asiyejulikana aliyepakia skrinshoti.

Nembo ya wakala wa kuuza picha nayo si ushahidi wa umiliki. Mawakala huuza hata picha zilizo huru. Mwaka 2015 mpiga picha wa Kimarekani Carol Highsmith, aliyekuwa amezitoa kazi zake kwa umma kupitia Maktaba ya Bunge, alidaiwa dola 120 kwa kutumia picha aliyoipiga mwenyewe. Ukiona bei, endelea kutafuta. Pengine nakala ileile iko bure kwenye hifadhi.

Kuskani hakufufui haki. Mahakama ya New York iliamua 1999 kwamba nakala aminifu ya kazi iliyo huru haipati hakimiliki mpya, Umoja wa Ulaya ukaliweka hilo kwenye maelekezo yake ya 2019, na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikasogea upande huohuo 2023. Hifadhi inaweza kutoza gharama ya faili kubwa au kukuwekea masharti ya mkataba, na hayo yaheshimu, lakini ni malipo ya huduma. Picha iliyotiwa rangi ni jambo jingine: aliyeitia anaweza kuwa na haki kwenye kazi yake. Chukua ile nyeusi na nyeupe.

Hatua ya 6: Ukikwama, na ukishaamua

Ukikosa jina na mwaka baada ya kutafuta kwa bidii, una njia tatu: tafuta picha nyingine ya mahali palepale yenye chanzo wazi, omba ruhusa kwa hifadhi au familia inayoelekea kuwa na haki, au tumia ukijua hatari unayobeba. Ya kwanza ndiyo ninayoipendekeza kwa chochote kinachouzwa. Mikusanyo niliyoitaja ni mikubwa; ni nadra kukosa mbadala.

Tazama pia waliomo ndani ya picha. Hesabu ya miaka haisemi chochote juu ya watu waliofungwa minyororo shingoni, wanawake waliovuliwa nguo ili postikadi iuzwe Ulaya, au wagonjwa waliopigwa picha na madaktari wa kikoloni. Hao hawakuulizwa. Picha kama hizo, hata zikiwa huru kisheria, hazifai kuwa pambo la fulana wala mchezo wa mtandaoni. Ukizitumia kwa somo la historia, andika zilipatikanaje.

Kwa kila picha uliyoikubali, weka ukurasa mmoja wa kumbukumbu: kiungo cha chanzo, namba ya hifadhi, jina na miaka ya mpiga picha, ushahidi wa kuchapishwa, nchi ulizozipigia hesabu, skrinshoti ya lebo ya haki na tarehe uliyoipata. Kurasa hubadilika na hufutwa, kwa hiyo hifadhi pia nakala ya ukurasa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao.

Akijitokeza mtu kudai, mjibu kwa heshima na kwa haraka. Akileta ushahidi, ondoa picha kwanza, kisha mzungumze ruhusa au malipo. Akileta madai matupu, mtumie kumbukumbu yako na umwombe jina la aliyepiga, mwaka, na hati ya urithi au ya mauzo iliyompa haki hiyo.